Jina la Njiani

Katika ofisi yenye kompyuta ishirini na nne, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa bado anaandika kwa penseli, naye alikuwa na desturi ya kuilamba ncha yake kwanza, kama mpishi anayeonja chumvi. Meja Minza Ngollo alimtazama kwa pembe ya jicho asubuhi ile ya Jumatatu, akahesabu vidole chini ya meza. Siku nne zilibaki. Ijumaa saa nne asubuhi mfumo mpya wa kumbukumbu za wanajeshi wastaafu ungewashwa rasmi, na saa sita mchana rejista za zamani, mia mbili na kumi na tatu, zingepakiwa kwenye lori zikachomwe. Amri ilitoka makao makuu, na amri ya makao makuu haiombwi sababu.

Alikuwa ameletwa Tabora miezi saba nyuma kuisimamia kazi hiyo tangu mwanzo. Mzaliwa wa Nzega alikuwa, lakini shule, jeshi na uhandisi vilimlea mbali, hata Kinyamwezi chake kilibaki cha salamu na cha kukanya watoto. Kazi aliiweza. Alizikuta rejista zimeliwa na mchwa, akazipitisha kwenye skana ukurasa kwa ukurasa. Akapambana na umeme wa kukatikakatika na wakubwa waliotaka kazi ya mwaka iishe kwa mwezi. Sasa imekwisha, naye hatulii. Chai anaiacha nusu kikombe, anafungua dirisha, joto la Oktoba linaingia bila hodi, analifunga tena. Kilichomkosesha raha ni tarakimu mbili kwenye skrini kubwa ya ukutani: 37.

Hao walikuwa watu. Kati ya wastaafu elfu kumi na moja, thelathini na saba majina yao ya jeshini hayakulingana na ya vitambulisho vyao vya taifa. Mfumo uliwatupa kwenye kapu lililoitwa Mashaka, na yeyote ambaye Ijumaa ingemkuta humo angefungwa kwa neno moja: Hatambuliki. Asiyetambulika huhesabiwa hakutumikia jeshini, na hospitali ya jeshi haina kitanda chake. Rejista zikishachomwa, hata Mungu akitaka kukata rufaa kwa niaba yao hatakuwa na kiambatisho.

"Afande, thelathini na saba kwa elfu kumi na moja ni vumbi," alisema Luteni Valentino, kijana mwerevu wa Dar es Salaam aliyeusanifu mfumo. "Tubonyeze Funga leo, tupumzike."

"Vumbi la Tabora hulijui, Luteni. Unalifagia asubuhi, mchana limekukalia kwenye sahani."

Mwenye penseli akacheka pasipo kuinua uso. Huyo ndiye Sajinitaji mstaafu Adinani, mzee wa mjini ambaye babu zake walishona kanzu Tabora tangu enzi za misafara. Alirudishwa kazini kwa mkataba kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyejua rejista gani imelala rafu gani. Kila asubuhi Minza alimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye huku amesimama kikakamavu akajibu, "Marahaba, afande," kisha wote wawili wakajifanya hawaoni jinsi salamu hiyo ilivyopinda.

Jumanne akaja mmoja wa wale thelathini na saba, kwa miguu yake, ingawa mmoja alikuwa akiuburuza. Alitoka Ipole, anakofuga nyuki, na alikuwa amebeba asali kwenye chupa ya maji. Kipande cha chuma kilikuwa nyongani mwake tangu vita vya Kagera, na Jumatatu ijayo daktari wa jeshi alipanga kukitoa kabla hakijafika kwenye mshipa. Hospitali ilitaka uthibitisho mmoja tu, kwamba mgonjwa ni mstaafu.

"Fikiri Kasonta," Minza aliita kutoka kwenye skrini.

Mzee akabaki ametazama dirishani. Ilibidi aitwe mara ya pili ndipo ashtuke.

"Niwie radhi, mama. Jina hilo nimelivua zamani. Kwetu mimi ni Renatus."

"Na jeshini ukaandikwa Fikiri. Kwa nini, baba?"

Aliiweka asali mezani taratibu. "Mama yangu alinikataza kwenda vitani na jina la nyumbani. Alisema jina la nyumbani libaki nyumbani likilinda mji. Njiani utwae la njiani, na baya likikufuata, lifuate hilo. Ukirudi salama unaliacha hukohuko. Mimi nilirudi, nikaliacha. Sikujua kwamba ninyi mmelitunza."

Valentino alikohoa kuficha kicheko. Minza hakucheka. Aliirudisha asali, maana afisa hapokei zawadi, akaahidi kumpigia kabla ya Ijumaa, na aliposema hivyo aliona aibu, kwa kuwa hakujua atampigia kumwambia nini.

Mzee wa watu alipokwisha kutoka, Adinani aliacha penseli yake.

"Afande, wote thelathini na saba ni hivyo hivyo. Nawajua. Mimi ndiye niliyewaandikisha mwaka sabini na nane, karani mwenye ndevu tatu kidevuni. Wazee wa huku walikuwa wakibeba pembe za ndovu mpaka pwani na vitambaa kurudi bara, kwa majina ya njiani, na hawa wajukuu wao wakaona safari ni safari." Alifungua rejista, akaweka kidole pembeni mwa mstari. Palikuwa na nukta ndogo ya penseli, na kando yake maandishi membamba: nyumbani Renatus. "Kila niliyemshuku nilimuuliza, nyumbani unaitwa nani? Maana taarifa ya kifo ikienda kijijini na jina la njiani, kijiji kizima kinashusha pumzi, kinadhani ni msiba wa jirani."

"Skana haikuyaona haya."

"Skana niliisikia ikisifiwa, nikanyamaza. Usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani anamwambia hivyo Meja?"

Minza akaukimbilia kwa furaha mwongozo wa mfumo. Furaha haikufika ukurasa wa kumi na nne. Maandishi ya pembeni yasiyo na sahihi si ushahidi, ulisema mwongozo, isipokuwa angalau moja lithibitishwe kwa kiapo na ndugu wa damu wa mhusika, na mhusika huyo asiwe miongoni mwa wenye mashaka; hapo yote ya karani huyo hukubalika. Kwa lugha nyepesi, Renatus hakuweza kujiapia. Alihitajika mtu ambaye baba yake ana nukta ya penseli na jina lisilo na dosari, naye akubali kusema kwa kinywa chake kwamba baba yake aliandikishwa kwa jina lisilo lake.

"Wenye nukta na majina safi wako wangapi?" aliuliza.

"Wanne. Waliporudi, majina ya njiani hawakuyavua. Wakaolea hayo, wakajengea hayo." Adinani aliokota penseli yake. "Watatu hawana ndugu ninaowajua."

"Na wa nne?"

Mzee aliinuka. Alikwenda rafu ya mwisho, akarudi na rejista iliyofunikwa gunia, akaifungua mbele yake, kisha akageuka akasimama mgongo kwake, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kubadili nguo. Minza alisoma. Ngollo Masolwa, Nzega. Nukta. Nyumbani Lufunga.

Alisoma tena. Kwa miaka arobaini na mitatu alikuwa akiitikia jina ambalo baba yake aliliokota njiani.

"Ulijua tangu siku niliyofika."

"Nilijua. Lakini kumtajia mtu jina la baba yake asilolijua, afande, si kazi ya Sajinitaji."

Jumatano yote alizunguka. Alitembea kutoka ofisini mpaka stesheni na kurudi, jua la utosi, buti zikichota vumbi. Hakuna aliyemshika shati. Jalada la baba yake lilikuwa safi, na lake pia; upandishwaji wake kuwa Luteni Kanali ulikuwa mezani, umebakiza sahihi moja. Akiapa, baba yake ataitwa mtu aliyetoa taarifa za uongo jeshini, yeye ataondolewa usimamizi, na cheo kitakwenda na maji. Akinyamaza, hakuna atakayejua, ila mzee mmoja wa Ipole atakuwa na chuma nyongani na jina lisilotambulika. Alijaribu kulipima hilo kama mhandisi anavyopima mzigo wa daraja, akashindwa, kwa sababu kulikuwa na kitu kingine kilichomla zaidi ya vyote viwili.

Miaka mitatu nyuma, kwenye maziko ya baba yake nyumbani Nzega, shangazi yake Ng'washi alikuwa amelia, "Lufunga umetuacha, Lufunga ndugu yangu." Minza, akiwa na sare na wageni wa heshima pembeni, alimnong'oneza binamu yake amwingize bibi ndani, amechanganyikiwa, analia msiba wa mtu mwingine. Wakamwingiza.

Alitoa simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo kumekucha huko?"

"Shangazi, baba aliitwa nani?"

Kuku wakasikika upande wa pili. "Ungeniuliza siku ile," sauti ilisema mwishowe, bila hasira. "Nilikuwa ninamwita mbele yenu nyote ili ajue njia ya kurudi, mkanifungia chumbani. Lile la njiani alishindwa kuliacha, jeshi lilikwisha kumpa kazi nalo. Lakini mtu hazikwi na jina la njiani, Minza."

Alilia palepale kando ya reli, mtu mzima na cheo begani, na wauza karanga wakapata adabu ya kutazama pembeni.

Alhamisi alikwenda kwa wakili mmoja wa mtaa wa Cheyo, akaapa. Wakili alimwambia asome tena kabla ya kutia sahihi, maana karatasi hii, mheshimiwa, inakukata wewe mwenyewe. Alisoma tena, akatia sahihi.

Ijumaa saa tatu na nusu lori lililowahi lilikuwa likinguruma uani. Minza aliingiza kiapo kwenye mfumo, Valentino akiwa amesimama nyuma yake na mikono kichwani, kisha Adinani akaanza kusoma nukta moja baada ya nyingine kwa sauti ya karani wa zamani. Ngollo, nyumbani Lufunga. Fikiri, nyumbani Renatus. Skrini ya ukutani ikaanza kushuka: thelathini na moja, ishirini na mbili, tisa. Dereva wa lori alichungulia mlangoni kuuliza apakie au vipi.

"Subiri kwanza, kijana," Adinani alimwambia. "Rejista ikishakuwa ushahidi haichomwi." Aliyasema hayo kwa utulivu, akailamba ncha ya penseli, akaendelea na nukta iliyofuata.

Saa nne kasoro dakika tano skrini ikaonyesha sifuri. Valentino akapumua. Kisha sifuri ikapepesa, ikawa moja.

"Imetoka wapi hiyo?" alisema, akainama kusoma. Alisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Afande. Mfumo umepitia na walio kazini. Jina la baba halilingani. Umekukataa wewe."

"Umefanya kazi yake," Minza alisema. "Umeusanifu vizuri."

Mpigie Mzee Renatus, alimwagiza Luteni, mwambie Jumatatu aende hospitali. Kisha akakaa. Chai yake ilikuwa mezani, akainywa hadi mwisho, ingawa ilikuwa imepoa. Simu ya makao makuu ililia saa nne kamili, kama alivyotarajia, na sauti ya askari wa mapokezi, changa na kavu, ikamtaka ajitambulishe kabla hajaunganishwa na Brigedia.

"Meja Minza," alisema.

"Minza nani, afande?"

Adinani alikuwa amesimama. Nje, injini ya lori ilizimika.

"Minza Lufunga."

Vidole vilisikika vikigonga kibodi, vikasimama, vikagonga tena.

"Samahani, afande. Jina hilo sinalo hapa."

"Najua," alisema Minza. "Liandike kwa penseli."