Twiga Hajapita

Kitu cha kwanza nilichokigundua kuhusu kompyuta ile ni kwamba twiga ndiye huja mwisho.

Ofisi ya ushirika wetu wa wachongaji ilikuwa chumba kimoja pale Makongeni, nami kazi yangu ilikuwa kufagia na kupika chai. Kila Ijumaa Dishon, karani wetu, alinakili faili za kompyuta kwenye disketi zisije zikapotea. Majina yalipita kwenye kioo moja moja: CHUI, KIFARU, SIMBA, TEMBO, TWIGA. Kila faili ilikuwa na vipimo vya mnyama aliyeagizwa na wateja. Shule niliiachia darasa la tano, lakini hayo niliweza kuyasoma. Twiga akipita, nawasha stovu.

Ijumaa moja fundi Maingi alikuja kuifuta kompyuta yote aianzishe upya, maana ilikuwa inakwamakwama. Kisichokuwa kwenye disketi, basi, kwaheri. Na twiga walikuwa wameagizwa na Mjerumani mmoja, kila shingo na urefu wake. Bila vipimo vile oda ingekufa.

Disketi zilikuwa chache. Kwa hiyo Dishon akaipa kompyuta kanuni: chukua faili zote, ila acha zinazoanza na T. T ya takataka. Barua zote zilizoharibika alikuwa amezitilia herufi hiyo mbele ya majina.

Majina yakapita. Chui, kifaru, simba. Mashine ikanyamaza.

"Tayari!" Dishon akasema. "Fundi, futa. Na chai ya leo iko wapi, sista?"

Nikatazama sakafu. "Bado."

"Bado nini?"

"Twiga hajapita."

Maingi alicheka mpaka bisibisi ikamwanguka. "Twiga apite Makongeni? Dada, hapa si mbuga!"

Dishon hakucheka. Alikigeukia kioo, akashika kichwa. "Mama yangu! Fundi, toa mkono hapo!"

Mzee Matheka, mwenyekiti wetu, akaingia na vumbi la mbao kwenye nyusi. "Kelele za nini?"

"Mzee, twiga na tembo wanaanza na T. Nimewaacha pamoja na takataka."

"Wewe kijana wa Bungoma! Unamtupa tembo jalalani? Kwenu mnajua kuku tu!"

"Kuku angepona, mzee. Yeye anaanza na K."

Hapo hata mzee akacheka. Dishon akazipa takataka herufi X, "mnyama wa X hatujamchonga bado," akabadili kanuni na kuanza upya. Tembo akapita. Twiga akapita. Nikawasha stovu.

"Nthenya ana akili," mzee akasema akinitazama. "Kumbe alikuwa analinda oda yetu!"

Nikakusanya vikombe nikatoka nje kuviosha, ingawa vilikuwa safi.

Haikuwa akili, wala sikuwa nalinda oda. Chai ya mzee na ya wageni ningeipika wakati wowote. Ila Dishon akikikodolea kioo macho husahau kikombe mpaka kinapoa. Nilikuwa namngoja twiga ili Dishon anywe chai yake ikiwa moto.