Chediel Kakunja Kila Kitu

Chediel ana ugonjwa wa kukunja. Akimaliza kuandika kipande cha programu anabonyeza kishale cha pembeni, mistari yote inazama, unabaki wa juu tu na vinukta vitatu. Anasema macho yanapumzika. Yake labda.

Ijumaa hiyo yeye yuko Nduguti na wajomba zake, wamepeleka posa. Mimi niko ofisini Utemini, mizani ya Mama Martina imechomekwa kwenye laptop. Mama huyo ananunua alizeti za wakulima, anakamua kule Unyambwa. Alishasema: leo akija, gunia lipande mizani, karatasi ya uzito itoke yenyewe. Ikishindikana kazi anampa kijana wa Dodoma.

Na gunia alilotuletea la majaribio linasoma sifuri.

Nikafungua kifungu cha Mizani. Ndani, vifungu vingine vimekunjwa. Nikafungua kimoja. Ndani, vingine! Hii siyo programu, ni kitunguu, na machozi yalishakaribia.

Nikakuta mstari umeandikwa "Lumbesa". Nikajua ni vile vichwa vitupu anavyoanzisha Chediel halafu anavitelekeza. Nikaufuta. Nikawasha programu. Sasa hata sifuri haikuja, yakaja maandishi mekundu kioo kizima.

Nikampigia.

"Chedi, hii Lumbesa ni ya nini?"

"Ndiyo inasoma uzito, halafu inaangalia kama gunia limejazwa kupita kipimo. Kwani vipi?"

"Haipo."

"Imeenda wapi?"

"Si nimefuta kamstari kamoja."

"Kamekunjwa hako, Sixbert! Ukifuta kichwa unaondoka na kiwiliwili! Hukukunjua kwanza?"

"Ningejuaje? Umekunja kama shuka la hospitali!"

"Bonyeza Ctrl na Z irudi. Na usinipigie tena, baba mkwe ananiangalia."

Nikabonyeza. Lumbesa ikarudi, imekunjwa vilevile, haina hata aibu. Nikakunjua. Chini tu ya mstari unaosoma mizani: uzito = 0. Pembeni kajiandikia mwenyewe: "ya majaribio, nitaitoa."

Hakuitoa. Kaifunika, kaenda kuposa.

Nikatukana kwa Kinyaturu. Nikaongezea kwa Kiswahili.

"Hodi! Unamtukana nani?" Mama Martina huyo mlangoni.

"Shikamoo mama. Kompyuta hii."

"Marahaba. Inasikia?"

"Ingesikia ningetukana?"

Nikaufuta ule mstari, tukapandisha gunia tena. Karatasi ikatoka na kilo zake, na chini kwa herufi kubwa: LUMBESA.

Mama akaisoma. Akaniangalia. Akaisoma tena. Magunia ya hivyo yeye huwalipa wakulima bei ya gunia la kawaida.

"Hili neno wakulima nao wataliona?"

"Kila mtu na karatasi yake, mama."

"Litoe."

Hapo nikajikuta nampenda Chediel kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nikabonyeza kishale kimoja, kingine, kingine, mpaka programu nzima ikabaki mistari saba na vinukta vyake. Nikamgeuzia kioo.

"Ona mwenyewe, mama. Imefungwa yote. Anayejua neno liko wapi ni Chediel, na yuko ukweni. Nikigusa vibaya, tunarudi kwenye sifuri."

Akainamia vile vinukta, anatafuta pa kuingilia. Akafyonza meno.

"Na yule wa Dodoma naye anafungafunga hivi?"

"Wote, mama. Ndiyo kazi yenyewe."

"Basi liache. Jumatatu mje Unyambwa muifunge mizani."

Alipotoka nikakunjua vifungu vyote, kimoja kimoja, huku namsema Chediel.