Waya wa Bwana Harusi

Panya walianza na waya wa honi, wakamalizia na wa taa ya nyuma, na katikati hapo hawakuacha kitu cha maana. Nilizichomoa nyaya zote kwenye fremu ya pikipiki ya baba, nikazitandaza kwenye sakafu ya banda, kisha nikakaa kando huku mgongo ukiniuma. Zilikuwa za kila namna: waya wa pasi, waya wa redio, kipande cha waya wa kengele ya mlango. Kila kilichokufa nyumbani kwetu miaka yote ile, baba alikizika ndani ya pikipiki hiyo.

Mimi ni fundi umeme wa majumba. Mwaka mzima napanda ngazi kufunga feni za watu, na likizo yangu nimekuja kuimalizia chini ya tangi lenye kutu la mashine iliyonizidi umri. Kaka zangu walikuwa wakinipigia simu kunipa ushauri. Ushauri haulipi nauli, hufika upesi kuliko mtu.

Baba alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kushoto umelala mapajani. Kiharusi kilimpiga kabla ya mvua. Mguu kilimrudishia, ulimi kilimrudishia, mkono kikaondoka nao. Tena daktari alisema upande wa kushoto haoni vizuri; mtu akija kutoka huko, kwake ni kama ameota ardhini. Pamoja na hayo yote alikuwa ameapa kwamba pikipiki ikipona ataipanda mpaka darajani na kurudi. Mara moja tu, alisema. Hatukuamini kwamba ingekuwa mara moja, na kurudi ndiko tulikokuwa na mashaka nako zaidi.

"Shangazi umeshamweka?" aliniuliza.

"Nimemweka, baba."

Shangazi ni waya wa honi, kwa makelele yake. Baba hakusomea umeme, na kwa kuwa nyaya zake hazikuwa na rangi za kueleweka, alizipa ukoo. Mjomba ni ule wa taa ya nyuma, hufika wa mwisho kwenye kila shughuli. Mama ni ule unaofungwa kwenye fremu, maana wengine wote wakishamaliza mizunguko yao hurudi kwake. Na ule unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye koili, unaoleta cheche ya kuwasha injini, huyo ni bwana harusi: wageni wanaweza kujaa, taa zikawaka, honi zikalia, lakini yeye asipotokea hakuna harusi. Nilikua nikidhani mafundi wote duniani husema hivyo. Siku yangu ya kwanza chuoni nilimuuliza mwalimu bwana harusi ni yupi kati ya zile nyaya, na darasa zima likaangua kicheko.

Asubuhi ile mama alikuwa amenivuta jikoni, akafungua bomba ili maji yapige kelele.

"Usimfunge bwana harusi," alisema.

"Mama!"

"Wengine wote waweke. Taa ziwake, honi ilie, roho yake itulie. Huyo mmoja mwache nje. Akipiga kiki isiwake, utasema ni uzee wa mashine."

"Atajua."

"Heri ajue akiwa hai." Alishika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili. "Mimi ndiye ninayemvalisha shati, mwanangu. Ndiye ninayelala nikisikiliza kama anapumua. Nimechoka. Sina nguvu za kumzika."

Nilimkasirikia, na nilijua ana haki. Afadhali angenituma kumdanganya baba kwa jambo lolote lingine duniani, si kwa umeme, kazi aliyonifundisha yeye kabla sijajua hata kusoma.

Basi nilimwacha nje. Niliupitisha waya chini ya tangi pamoja na wenzake, nikazifunga zote kitita kimoja, na ncha yake nikaificha nyuma ya koili. Ilikuwa kazi safi, na iliniudhi kwa usafi wake. Nilipounga betri, taa ya mbele iliwaka, ya nyuma ikafuata, honi ikalia mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Baba alicheka hadi akakohoa.

"Nisogeze," alisema.

Nilimshika kwapa, nikadhani anataka kupanda. Kumbe la. Aliingiza mkono wa kulia chini ya tangi, akafumba macho, vidole vikatambaa juu ya nyaya taratibu huku akizitaja kwa sauti ndogo. Shangazi. Mjomba. Mama. Vikafika nyuma ya koili, vikasimama.

"Bwana harusi amekwama wapi?"

Nilitaka kulia, mtu mzima mimi, na koleo mkononi.

"Ni mama yako aliyekutuma?"

"Ndiyo, baba."

Nilisubiri matusi, ningeyapokea kwa mikono miwili.

"Ncha hii umeiacha wazi," alisema mwishowe. "Ikigusa fremu itaunguza kazi yako yote. Izungushie utepe."

"Naweza kumfunga sasa hivi. Ni kazi ya dakika."

"Nimesema utepe."

Niliuzungusha utepe mweusi. Aliupapasa, akataka niongeze mzunguko, nikaongeza.

"Sasa mwite. Na usimwambie neno."

Mama alipokuja baba alikuwa ameshapanda, pikipiki ikiwa imara juu ya stendi. Aliwasha taa, akapiga honi, mama akapiga makofi. Kisha akapiga kiki. Injini iliguna ikanyamaza. Akapiga tena, na tena, jasho likimtiririka shingoni, mpaka mguu ukateleza na goti likagonga chuma.

"Uzee huo," alisema akihema. "Mashine imechoka."

Nilimtazama mama. Mambo yalikuwa yamekwenda kama alivyopanga, lakini mkono wake ulikuwa umeziba mdomo.

"Mwanangu," aliniambia, "hebu angalia vizuri. Labda kuna waya umeusahau."

"Hajasahau kitu," baba alisema.

Wakatazamana. Nami nikajifanya natafuta bisibisi, maana kuna mazungumzo ambayo mtoto hatengewi kiti.

"Kwa hiyo unajua," mama alisema.

"Najua." Alijisogeza mbele kidogo, akapigapiga kiti nyuma yake. "Panda. Betri isije ikaisha bure."

Mama alipanda kwa upande, polepole, magoti yakimlalamikia. Akauokota ule mkono wa kushoto wa baba uliokuwa umelala mapajani, akauweka kwenye usukani, akaufunika kwa wake. Taa ilimulika ukuta wa banda, ngazi yangu, na ndoo niliyokuwa nimeitupa katikati. Baba aliinua uso kutazama mbele. Mama alichungulia begani kwake.

"Kushoto hakuna mtu," alisema. "Twende."

Niliinuka, nikaiondoa ndoo njiani.