Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Haya nawaandikia wenzangu mnaotunza wazazi wenye sukari, presha na magoti mabovu kwa mpigo. Chunguzeni dawa zao zinakaa wapi.

Mama yangu ni fundi cherehani. Mezani kwake kila rangi ya kifungo ina kopo lake. Dawa alipewa na madaktari tofauti, siku tofauti, wala hakuna aliyeuliza za mwenzake. Yeye akazitoa zote kwenye pakiti akazipanga kwenye makopo kama vifungo: nyeupe na nyeupe, nyekundu na nyekundu. Ya sukari nyeupe, ya presha nyeupe. Asubuhi anatakiwa moja ya hii na moja ya ile, basi anachota nyeupe mbili. Zipi, Mungu anajua.

Siku moja nilimkuta ameinamia cherehani, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Nikamwita, akajibu, "Mteja, suruali yako kesho."

Mimi, mwanawe wa kumzaa, mteja. Nikakoroga sukari kwenye maji ya moto, nikamnywesha taratibu mpaka akili zikarudi.

"Chai yako haina majani," akasema.

Kaka yangu alikuja mbio, na hata kabla hajakaa akaanza, "Mama, basi. Cherehani tunaiuza, unahamia kwangu. Utakula, utakaa, utalala."

"Hayo hata paka wako anayafanya."

"Utafia kwenye hiyo cherehani."

"Na kwako nitafia kwenye kochi. Afadhali hapa nina kazi mkononi."

Wakabishana hadi wakakubaliana: daktari akisema cherehani basi, iuzwe.

Hospitali, muuguzi akatuambia, "Bibi, leo ni sukari. Presha ni Alhamisi. Magoti ni jengo la nyuma."

Mama akaweka makopo ya dawa juu ya kaunta. "Mjukuu wangu, sikuja vipande vipande. Shati halipelekwi mkono kwa fundi huyu, kola kwa yule, halafu mkategemea livalike. Nakaa hapa mpaka mtu mmoja anitazame mzima."

"Bibi, foleni..."

"Foleni ipite. Mimi magoti yanauma, siendi popote."

Kaka akatazama viatu vyake. Mimi nikakaa benchi moja na mama.

Mwishowe daktari akatoka, akatuingiza, akamwaga vidonge vyote mezani. Akavichambua kimoja kimoja. Kisha akatueleza: siku nyingine mama alimeza za sukari mbili pasipo ya presha, ndiyo maana siku ile sukari ikamshuka. Na zile nyekundu za magoti, za kununua dukani, zilikuwa zinampandisha presha. Akaziondoa.

"Na cherehani?" kaka akauliza.

"Ya kukanyaga?"

"Ya kukanyaga."

"Mwekeeni mota, magoti yapumzike. Mikono haina ugonjwa."

"Umesikia, baba?" mama akamwambia kaka. "Mota."

Wenzangu, dawa isitoke kwenye pakiti yake. Kila mwendapo hospitali bebeni zote, hata za dukani. Na mzazi akigoma kukatwa vipande, msimwonee aibu. Kaeni naye benchi.

Sasa pakiti za mama zinakaa kwenye kitambaa chenye vijifuko alichokishona mwenyewe, kimening'inia ukutani juu ya mota mpya. Vijifuko vingine ni vitupu, nikamuuliza ni vya nini.

"Magonjwa mengine yakija yatapanga humo," akasema, akiingiza uzi kwenye sindano. "Mimi sihami."