Maji Yaliyoandikwa Damu

Kuna watu wanaoamini skrini kuliko masikio yao wenyewe, na Jumapili ile walijaa kanisani pale Sultan Hamud. Ibada ilikuwa imekwisha. Walibaki kuamua kama Nduku ataendelea kufundisha Sunday school. Miaka kumi na minne amefundisha watoto wao, wengine hata wameshaoa, leo wanamjadili kwa sababu ya filamu!

Filamu yenyewe ni ya kutisha, ya dhehebu la wanawake wanaomwita pepo atoke mtoni. Vijana wa kanisa waliisambaza kwenye simu, na kabla hata haijafika katikati, nani huyo akatokea na leso kichwani akiongoza wimbo? Nduku. Si mtu anayefanana naye. Nduku mwenyewe, mama Musembi.

"Mimi tangu niione siwezi kuoga nikiwa peke yangu nyumbani," Ciku akasema. "Yale macho! Na huyo ndiye anamfundisha mtoto wangu kuomba?"

Mzee Ndungu akasema filamu ni nzuri, inafichua mambo. Kivuva akalalamika kwamba mwisho haukumridhisha, yule mchungaji ameuawa mapema mno, na watu wakacheka. Walicheka! Walimchambua Nduku kana kwamba hayupo, naye ameketi benchi la pili, Biblia mapajani.

Akasimama.

"Hilo si dhehebu, hiyo ni mwethya! Mwaka juzi nilienda kwetu Matinyani, tukawa tunajenga bwawa la mchanga mtoni la kuhifadhi maji, wanawake tunasaidiana kazi kama tulivyozoea. Watu wa kamera wakaja, wakasema wanapiga picha za maendeleo. Tukawaimbia. Tukawapikia hata muthokoi, wakala wakashiba, kumbe wanatutafutia pepo!"

"Sasa hiyo damu, mama Musembi?" pasta Kanyi akauliza kwa upole. Yeye ni mtu wa Murang'a, Kikamba chake kinaishia kwenye salamu. "Maandishi ya chini yanasema 'tupe damu'."

"Damu gani, pasta? Tunaimba *kiw'ũ*. *Kiw'ũ* ni maji! Wewe nakusamehe. Lakini nyinyi wengine? Nusu ya watu humu ni Wakamba. Mmesikia maji, mkasoma damu, mkaamini damu! Masikio mliyaacha wapi?"

Kivuva alitazama mabati. "Maji nilisikia," akasema polepole. "Lakini nikafikiri labda ni maji ya mafumbo."

"Mafumbo! Aka!"

Nduku akamgeukia Ndila. Ndila ni wa kule kwao Matinyani, waliolewa huku mwaka mmoja, na siku ile mtoni walikuwa pamoja tangu asubuhi. Kamera ilimwacha Ndila nje, ikamchukua Nduku. Nduku hakuwa amemtaja kwa mtu yeyote. Alitaka rafiki yake asimame mwenyewe, aseme tu kwamba alikuwepo. Ndila aliinamia karatasi ya matangazo, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Pasta akakohoa. "Mama Musembi, mimi nakuamini. Lakini watoto wanaogopa. Kwa muda tu, mpaka maneno yapoe, darasa lishikwe na mtu mwingine. Dada Ndila, utatusaidia?"

Nduku akangoja. Moyoni alisema, sasa atasimama, sasa hivi.

"Amina, pasta," Ndila akasema.

Jamani! Ingekuwa ni Ciku au Ndungu, Nduku angetukana moyoni yakaisha. Lakini Ndila! Akabeba Biblia yake na kiti chake kidogo cha darasani, alichokuwa amekinunua mwenyewe, akaenda hadi mlangoni. Pale akageuka.

"Pasta, nimekubali. Lakini ule wimbo una anayeongoza na anayeitikia. Kabla hujampa huyo watoto, fungueni filamu yenu, mmsikilize anayeitikia."

Ciku, ambaye hachelewi kwa mambo kama hayo, alikuwa tayari ameshika simu. Akaongeza sauti. Safari hii hakuna aliyeinama kusoma. Kwenye simu Nduku akaimba mstari wake, kisha ikaja sauti ya pili, nyembamba, ile wanayoisikia kila Jumapili kwenye kwaya, ikiomba maji.

Ndila akaziba uso kwa ile karatasi. Nduku hakungoja kumwona akiufunua.