Manowari za Swaka

Swaka ndiye aliyemfundisha mkewe ule mchezo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

Alikuwa na duka la kutengeneza kompyuta na simu Munuki, mtaa mmoja wa Juba. Jumapili, watu wakitoka kanisani, hakuwafungulia wateja. Aliwasha jenereta, akaunganisha kompyuta tatu kwa waya, wakakaa kucheza: yeye, mkewe Teresina, na Norman, Mganda aliyeuza betri na vioo vya simu kwenye meza mlangoni mwa duka hilohilo. Ulikuwa mchezo wa falme za zamani za Bahari ya Kati. Kila mmoja ana miji, majeshi na bandari zake, na mwisho wa kila zamu kompyuta inamwonyesha mapato yake ya kodi, ya mashamba na ya biashara.

Swaka alipenda majeshi, akachagua ufalme wa bara. Teresina alichukua kisiwa. Norman alichukua mji wa pwani uliokuwa katikati yao. Haukupita muda hao wawili wakafunga mkataba wa biashara, na kwenye ramani vijimeli vyeupe vikawa vinakwenda na kurudi kati ya bandari zao bila kupumzika. Swaka alivitazama vijimeli vile kuliko alivyowatazama askari wake.

Tatizo halikuwa vijimeli tu. Teresina alikulia Kampala, Swaka alikulia kambi ya wakimbizi ya Adjumani, kaskazini mwa Uganda. Nyumbani walizungumza Kiswahili na Kiarabu cha Juba. Lakini akikaa na Norman, Teresina alihamia Kiganda bila kujijua, na katika Kiganda alikuwa mtu mwingine. Sauti ilipanda, mikono ilicheza, alicheka mpaka akafuta machozi. Swaka hakukumbuka ni lini yeye alimchekesha hivyo.

"Mnacheka nini?" aliuliza Jumapili moja.

"Si kitu, Baba Lilly. Ni maneno ya mtaani Wandegeya, kule Kampala, tu. Kwa Kiswahili hayachekeshi."

Swaka alirudisha macho kwenye kioo. Zamu ile aliagiza manowari.

Alizijenga kimya katika kibandari chake kimoja cha kaskazini, mahali ambapo wenzake hawakuwa na mtu wa kuona. Jumapili iliyofuata alizipeleka kusini, akazipanga mbele ya bandari ya Norman. Katika mchezo ule, bandari ikizingirwa, meli ya biashara haitoki wala haiingii. Mapato yote ya baharini yanakatika.

Norman aliona namba zake zikianguka. "Ee ndugu yangu, tumekosana?"

"Ni mchezo," Swaka alisema.

Zamu ya Teresina ilipofika, alisogea karibu na kioo. "Mapato yangu yameshuka karibu nusu. Mimi sijapigana na mtu."

Ilikuwa hivyo. Bandari iliyofungwa humwumiza pia yule anayefanya nayo biashara. Swaka alilijua hilo, na kwa muda kidogo lilimfurahisha. Halafu ikaja zamu yake mwenyewe. Mbao na chuma chake vilikuwa vikiuzwa ng'ambo kupitia bandari ya Norman, na sasa manowari zilihitaji kulishwa. Namba yake ilikuwa nyekundu.

Teresina aliiona. Alikuwa akifanya kazi bandarini Juba, akiandikisha mizigo ya matishari yanayoshuka na mto kuelekea Bor na Malakal. "Tishari likizuiliwa huko mbele, hata mama chai wa hapa kwetu anakosa wateja," alisema. "Ondoa meli zako. Na wewe unaumia."

"Zinabaki."

Alimngoja Norman atoke apigane. Norman hakutoka. Aliacha meli zake ndani, akajenga barabara, akaanza kuziuzia kidogokidogo falme jirani zilizoendeshwa na kompyuta. Kisha Teresina na Norman wakasemezana Kiganda, maneno machache tu, Swaka akiwa amekaa katikati yao. Zamu iliyofuata meli za kisiwa zikatokea nyuma ya manowari, na za Norman zikatoka bandarini kwa mbele. Manowari za Swaka zikazama zote. Norman aliinua kiganja, Teresina akakipiga.

Swaka alisimama. "Mnapanga mambo yenu mbele yangu kama vile mimi siko. Na nje ya mchezo mnapanga nini?"

Norman alishusha mkono taratibu. "Mimi iko na kazi mlangoni kwako, ndugu. Ningewezaje?"

"Basi toa meza yako mlangoni kwangu."

Teresina alizima kompyuta yake, akachukua mkoba, akatoka.

Norman alihamia Gumbo, ng'ambo ya daraja la Nile, kando ya barabara ya Nimule iendayo Uganda. Teresina hakugomba. Alipika, alikwenda kazini, alijibu alichoulizwa. Swaka aliona ni heri angegomba, maana kila akinyamaza yeye alisema moyoni, anamkumbuka yule. Dukani nako kulipoa. Waliokuwa wakija kununua betri kwa Norman, kisha wakaacha simu ndani zitengenezwe, sasa walipita moja kwa moja.

Jumamosi moja Teresina alisema anakwenda kumsalimia binamu yake Night, Gumbo. Swaka aliposikia Gumbo, aliwaza meza ya Norman. Alimwacha atangulie, akafunga duka, akapanda boda.

Alimkuta Norman peke yake kwenye meza yake, akisafisha kioo kwa kitambaa. Norman alimtazama, akaelewa.

"Hayuko hapa. Jaribu kwa Night." Kisha akasogeza benchi. "Lakini kaa kwanza."

Swaka alikaa. Malori ya Nimule yalipita na vumbi lake. "Mlikuwa mnacheka nini siku zile?"

"Mara nyingi makonda wa Kampala. Mara nyingine wewe, jinsi unavyowapanga askari wako kwa rangi kama nguo za dukani." Norman aliweka kioo chini. "Nikuambie kitu. Mimi ndiye nilikuwa na wivu. Josline wangu yuko Masaka na watoto. Wewe ukifunga duka, unarudi nyumbani na mtu wa kuongea naye. Mimi nilikuwa na Jumapili tu, na ukaichukua."

"Malesh, Norman. Nisamehe," Swaka alisema, akainuka. Norman aliitikia kwa kichwa, lakini hakumwambia arudi.

Kwa Night alimkuta Teresina akimenya mihogo uani. Alipomwona mumewe alinawa mikono, akaaga, wakaenda pamoja mpaka karibu na daraja.

"Nilikuja kukufumania," Swaka alisema.

"Najua. Night alikuona ukishuka kwa Norman." Teresina aliendelea kutembea. "Ungenikuta pale, ungefurahi?"

Swaka alifikiri. "Ningepumzika," alisema.

Teresina alisimama. Boda ziliwapita pembeni. "Wivu wako hauniogopeshi, Baba Lilly. Kinachoniogopesha ni kwamba unajenga meli zako kimya. Niulize, nikujibu."

"Unampenda?"

"Hapana. Napenda kucheka, na yeye anajua kunichekesha. Wewe tangu turudi Juba hujajaribu."

Hilo lilimwuma kuliko angesema ndiyo. Kama angesema ndiyo, wa kulaumiwa angekuwa Norman.

Waliingia darajani kwa miguu. Katikati ya mto Swaka alianza kumsimulia habari ya mteja aliyeleta simu iliyopikwa pamoja na maharage. Hakuisimulia vizuri. Aliruka sehemu moja, akarudi nyuma, akachanganya mke wa yule mteja na dada yake. Teresina hakucheka.

"Endelea," alisema.

Akaendelea.