Lundo la Ludmila

Mguu wa Vaclav Hruska ulivunjika siku ya nne ya mavuno, gari la farasi lilipompindukia ukingoni mwa kijito. Mkewe Ludmila hakuwa hata amemaliza kuufunga kwa vibao alipotambua kuwa kilichovunjika hakikuwa mguu peke yake. Tangu mwaka wa kwanza wa kuhamia Nebraska, familia tisa za bonde lile zilikuwa na mapatano: kila shamba litoe mtu mmoja kwa kazi ya ujima, tangu kupanga miganda ya ngano katika malundo hadi kuipura, na shamba lisilotoa mtu lisifikiwe na mashine ya kupura. Hakuna aliyeyaona mapatano hayo kuwa ya kikatili. Mashine ilikuwa moja, na theluji ilikuwa karibu.

Ngano ya Hruska ilikuwa imekwisha kukatwa. Isipopurwa, watu sita waliokaa katika nyumba ile ya mabonge ya udongo na nyasi wasingekuwa na mkate majira ya baridi, wala mbegu ya kupanda masika.

"Nitakwenda mimi," alisema Ludmila.

Mama mkwe wake, Babi Rozalia, alikuwa akinyonyoa bata bukini karibu na jiko. Hakuinua kichwa. "Upande juu ya lundo mbele ya wanaume, na sketi yako?"

"Nitavaa suruali ya Vaclav chini yake, mama."

"Na hiyo suruali inaijua kazi?"

"Inaijua kuliko mwenyewe," alijibu Vaclav kitandani. Kisha akamgeukia mkewe. "Mwambie Kubik kwamba baba yako ndiye aliyekuwa akijenga malundo ya bwana mkubwa kule kwetu Moravia."

"Sitamwambia kitu. Ana macho."

Matous Kubik, mkuu wa ujima, alikuwa shambani kwake pamoja na wanaume saba Ludmila alipofika asubuhi iliyofuata.

"Mama Anezka, umetuletea chakula mapema hivi?"

"Nimeleta mikono. Ya shamba la Hruska."

Wakacheka, ila bila ubaya. Frantisek Dolezal, ambaye hakuna aliyemshinda kwa kasi bondeni kote, aliegemea uma wake wa kurushia miganda. "Hiyo ni mikono ya kukanda unga, shemeji."

"Na mkate wake uliukataa lini, Dolezal?"

Kubik alizipapasa sharubu zake. Kumrudisha mke wa jirani mgonjwa kulimwia vigumu, na kumkubali kulimwia vigumu vilevile. "Lundo moja," alisema hatimaye. "Likipinda, unarudi nyumbani."

"Lisipopinda?"

"Tutaona."

Ludmila alijifunga vipande vya gunia magotini, akapanda. Alifanya kazi kwa kupiga magoti, kama baba yake: mganda juu ya mganda, kwa duara, masuke ndani na mashina nje, na kila duara lilipokamilika alirudi katikati, akaijaza na kuishindilia hadi ikainuka kuliko pembeni. Dolezal alipanga akiwa wima, mbiombio, na katikati ya lundo lake palikuwa bapa kama meza.

"Mwenzetu anasali," alisema Dolezal kutoka juu.

"Anaungama," akajibu mwingine. "Dhambi zenyewe nyingi, maana hamalizi."

"Nirushie mingine ya katikati," alisema Ludmila.

"Katikati pamejaa, mama."

"Bado."

Jua lilipoinama Dolezal alikuwa amemaliza malundo mawili, na Ludmila moja. Kubik alilizunguka taratibu. "Halijapinda," alikiri. "Lakini siku nzima, lundo moja? Acha kwanza nifikiri."

Ludmila alirudi nyumbani na jibu hilo, ambalo halikuwa jibu. Hata hivyo kesho yake alianza kupanga ngano yake mwenyewe, Anezka, binti yake wa miaka kumi na miwili, akimrushia miganda. Siku ya tatu mikono ya mtoto ilikuwa imevimba. Babi Rozalia aliwaletea supu, akasimama akitazama, kisha akauchukua uma mikononi mwa mjukuu wake.

"Usinitazame hivyo," alimwambia Ludmila. "Wakati nakuzalia mume nilikuwa shambani vilevile. Shika."

Lundo la nne lilipofungwa kileleni, mvua ikaanza.

Ilinyesha siku tisa. Paa la udongo na nyasi lilivuja matope juu ya meza, juu ya vitanda, na Babi akapika akiwa ameshika mwavuli juu ya sufuria. Ludmila hakusumbuliwa na matope. Mara kwa mara alikwenda dirishani kutazama vile vilele vinne, akijiuliza kama yeye na baba yake waliwahi kukutana na mvua ya namna hii, na kama, hata ngano ikipona, kuna mashine itakayoijia.

Siku ya kumi jua lilitoka, na Kubik akaja juu ya farasi. Hakushuka mara moja. Alifungua kiganja: punje zilikuwa zimevimba, na baadhi zilitoa vichipukizi vyeupe.

"Hizi ni za malundo ya Dolezal," alisema. "Na yangu. Yanafuka moshi kama chungu. Lako, lile ulilojenga kwangu, nimelifungua, nimezamisha mkono mpaka begani." Akajifuta pua kwa mkono. "Kavu. Mpaka vumbi limenipigisha chafya."

Ludmila alichukua punje moja, akaipasua kwa kucha.

"Mashine imekwama njia panda, haina ngano ya kupura. Bonde zima hakuna iliyokauka ila ya malundo yako. Itaanzia hapa kesho."

"Kwa hiyo shamba la Hruska limetoa mtu?"

"Limetoa mtu." Kubik alivua kofia. "Na huyo mtu tunamwomba atuonyeshe namna ya kuyapanga upya yetu, kabla hayajaoza yote."

"Keshokutwa. Waje na magunia ya magotini."

Kicheko cha Vaclav kilisikika hadi uani.

Mashine ilinguruma tangu alfajiri, na adhuhuri magunia yalikuwa yamejipanga ukutani hadi usawa wa dirisha. Desturi ilikuwa watu wa kazi wale kwanza, na wanawake wawapakulie, wao wale kitakachobaki. Ludmila, mwenye makapi kwenye nyusi, alinyoosha mkono kuchukua bakuli la bata. Babi Rozalia akalivuta.

"Kaa," alisema. "Wewe leo ni mtu wa kazi."

Benchi lote lilikuwa limejaa. Kisha Dolezal akasogea, akawasukuma wenzake kwa kiuno mpaka nafasi ikapatikana. Baada ya nyama, macho yakiwa juu ya sahani, aliuliza, "Hiyo katikati, shemeji. Inapaswa kuinuka kiasi gani?"

Ludmila alichukua kolache kwenye sinia, kile kimkate cha mviringo chenye shimo la jemu ya plamu, akakiweka mbele yake. "Lundo lako lilikuwa hivi. Mvua ikinyesha, maji yanakwenda wapi?"

Dolezal alikitazama kimkate kwa muda mrefu. "Kwenye jemu," alisema kwa huzuni.

Ludmila akachukua kingine, akakipindua juu chini, mgongo wake uliobinuka ukiwa juu. Wanaume wote wanane waliinama kukiangalia. Walipokwisha kukiangalia vya kutosha, alikichukua akakila chote, bila haraka, huku Anezka akimmiminia kahawa.